Dar hadi Kigoma, Agosti 2024: wiki ziwa lilipofunguliwa

Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari langu na picha za simu ya mdogo wangu niliyesafiri naye. Mimi ni afisa lishe. Kliniki yetu huwahimiza akina mama waweke unga wa dagaa kwenye uji wa watoto, na wao hutuuliza kwa nini dagaa wa Kigoma hawashikiki bei. Jibu fupi ni kwamba wavuvi wamekuwa wengi. Jibu refu liko ndani ya ziwa lenyewe, na wanasayansi wa nchi nyingi wamekuwa wakilitafuta kwa zaidi ya miaka mia moja. Nilitaka kuwaona watu wanaolitafuta hadi leo, nikachukua likizo.

Wakati niliuchagua kwa makusudi. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikuwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Nilitaka kuwa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua, siku zuio likiisha.

Jumamosi 10 Agosti. Dar hadi Dodoma

Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilikuwa imeanza kufika Dodoma majuma machache tu kabla yetu, na stesheni ya Dar ilijaa watu, wengine wamekuja kupiga picha tu. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000. Beba kitambulisho, na fika mapema maana ukaguzi wa mizigo una foleni yake. Hazikutimia saa nne za mwendo tukawa Dodoma. Tulipata gesti ya 30,000 karibu na stesheni ya zamani, tukala wali maharage, tukalala.

Jumapili 11 Agosti. Dodoma, Saranda, Tabora

Kutoka Dodoma ni reli ya zamani, ile iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia stesheni, usitegemee ulichosoma kwenye simu. Jambo la kujua mapema: daraja la pili la kulala wanawake na wanaume hutenganishwa, isipokuwa mkinunua chumba kizima. Mdogo wangu akaenda behewa la mbele, mimi nikaingia chumba chenye mama mwenye mtoto mchanga na bibi mmoja wa Ujiji aliyekuwa anarudi kutoka msibani.

Saranda ndiko pa kula. Treni ikianza kupunguza mwendo, madirisha yote yanafunguka na wauza kuku wanakimbia sambamba na mabehewa, mabeseni kichwani. Nusu kuku wa kienyeji ilikuwa 8,000, na ukisubiri treni ianze kuondoka bei inashuka, ila unaweza kukosa chenji.

Bibi hakununua. Alifungua kikapu chake, akatoa mihogo ya kuchemsha na samaki wawili wakavu aina ya migebuka, akatugawia wote chumbani bila kuuliza nani ana chakula na nani hana.

"Mwanangu, unakwenda Kigoma kutafuta dagaa wakati ziwa limefungwa?"

Nikamweleza nakwenda kuona wanaopima ziwa. Akanyamaza kidogo. Yeye amefanya biashara ya dagaa tangu kijana, enzi hizo wakiuzwa kwa debe na gunia.

"Zamani kusi likianza kuvuma tulijua riziki inakuja. Tunatengeneza vichanja, tunanunua chumvi. Sasa kusi linavuma na ziwa limenyamaza. Waulize hao wapimaji wako kwa nini."

Niliandika maneno hayo palepale, na nilipofika nikauliza hivyohivyo.

Tabora tuliingia usiku. Tulikaa sana tukisubiri treni ya mizigo ipite. Wauza asali walikuwa macho. Chupa ya lita 10,000. Onja kwanza, wenyewe hawakatai.

Jumatatu 12 Agosti. Uvinza hadi Kigoma

Kulikucha tukiwa magharibi ya Kaliua. Uvinza watu wananunua chumvi kwa viroba kupitia dirishani. Baada ya hapo milima inaanza, michikichi inaanza, na saa nane mchana ziwa likaonekana upande wa kushoto, bluu iliyokolea, milima ya Kongo ng'ambo ikiwa hafifu kwa moshi wa mashamba ya kiangazi.

Bibi hakukubali tutafute gesti kabla ya kula kwa binti yake Ujiji. Tulikuta ugali wa muhogo na migebuka wa mawese. Samaki walikuwa wa akiba, walikaushwa kabla ya Mei. Nilipotaka kuacha chochote kwa ajili ya watoto, binti yake alinishika mkono akasema, "Dada, usituaibishe."

Gesti tulipata Mwanga, 25,000 kwa usiku, maji ya kuoga ndoo. Bodaboda Mwanga hadi mjini 2,000.

Jumanne 13 Agosti. Kituo cha utafiti

Barua ya kuomba kutembelea kituo cha utafiti wa uvuvi niliituma mwezi Juni na nikajibiwa. Atakayefuata nyayo aandike mapema, aeleze yeye ni nani na anataka kuona nini, na ataje tarehe zaidi ya moja. Usitokee getini na kamera.

Tulipokelewa na fundi sanifu wa makamo ambaye ameshika vyombo vya kupimia tangu ujana wake. Aliomba nisimtaje jina. Nilimuuliza swali la bibi kama lilivyo. Akatukalisha kibarazani, akachukua kalamu.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Eneo la Kigoma, ukishuka karibu mita mia moja, oksijeni imekwisha. Chini ya hapo samaki haishi. Lakini huko chini ndiko kulikolala mbolea ya ziwa, masalia ya kila kiumbe kilichokufa kikazama. Mwani unahitaji mbolea hiyo na unahitaji jua, na jua liko juu. Kwa hiyo ziwa zima linategemea kitu cha kuipandisha mbolea juu, na kitu hicho ni upepo. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, Zambia, maji baridi yenye mbolea hupanda kujaza nafasi. Kusi likitulia, tabaka za maji hubembea ziwa zima kwa muda mrefu, kaskazini hadi kusini na kurudi. Mwani unanawiri, vidudu vidogo vinakula mwani, dagaa wanakula vidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunawala wote.

"Sasa tatizo," akasema. "Maji ya juu ni nyuzi 26 au 27. Ya chini kabisa ni 23 na kitu. Tofauti ni nyuzi tatu hivi tu, lakini zinatosha kuyatenganisha, kama mawese juu ya mchuzi. Ukipuliza, mawese yanasogea, hayachanganyiki. Hewa ikizidi joto, maji ya juu yanapata moto haraka kuliko ya chini, na utengano unakuwa mgumu zaidi kuvunjwa. Kusi ni lilelile, au limepungua, na kazi imeongezeka."

Hilo ndilo jibu la bibi, na napenda watu wajue halikuokotwa. Daktari Mbelgiji, Louis Stappers, alipita ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1910 akikusanya samaki na vipimo. Migebuka tuliokula Ujiji wanaitwa kisayansi Lates stappersii kwa ajili yake. Msafara mwingine wa Wabelgiji ulipima mwaka 1946 na 1947. Mwaka 1992 ulianza mradi mkubwa wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Finland, makao yake Bujumbura, vituo vikiwa Kigoma na Mpulungu pia, na meli ya utafiti Tanganyika Explorer ikizunguka ziwa zima. Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha Kigoma mafunzo ya kila mwaka yaliyoitwa Nyanza Project, vijana wa Marekani na wa nchi za ziwa hili wakifanya utafiti bega kwa bega.

Mwaka 2003 mambo mawili makubwa yalitokea. Tarehe 12 Juni, jijini Dar es Salaam, nchi nne zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Na miezi iliyofuata zikatoka makala mbili. Piet Verburg na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba ziwa limepata joto katika karne ya 20 na kuchanganyika kwake kumepungua. Catherine O'Reilly, pamoja na Pierre-Denis Plisnier, Andrew Cohen na wengine, walisoma kaboni iliyohifadhiwa katika matope ya chini, wakakadiria katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Makala hiyohiyo inasema ziwa hili huwapa watu wa nchi zinazolizunguka asilimia 25 hadi 40 ya protini ya wanyama. Kwa mtu wa kazi yangu, sentensi hiyo moja inatosha kumkosesha usingizi.

Mdogo wangu akauliza kama wanasayansi wote wamekubaliana. Fundi akafurahi kuulizwa. Hapana. Mwaka 2006, watafiti wakiongozwa na Jouko Sarvala wa Finland walijibu kwamba kupanda na kushuka kwa samaki wanaovuliwa kunaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko hali ya hewa. Na hoja hiyo si ya kudharau: mwaka 1995 nchi zote nne zilihesabu wavuvi kwa pamoja wakapatikana karibu 45,000, na hesabu ya 2011 ikafika zaidi ya 90,000. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake wakaonyesha, nao kwa kutumia matope ya chini ya ziwa, kwamba joto la uso wa ziwa katika karne iliyopita halijawahi kufikiwa katika miaka 1,500. Mwaka 2016 Cohen na wenzake wakarudi na mabaki ya samaki na konokono, kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20. Ninavyoona mimi baada ya kusikiliza, vyote viwili vinaliuma ziwa: joto linapunguza kinachozaliwa, na sisi tunazidi kuchota.

Kisha akanionyesha mchoro wa joto la ziwa wa miaka mia. Nilitarajia mstari. Nilikuta nukta. Nukta ya 1913, halafu miaka mingi mitupu. Nukta za 1946 na 1947, tena pengo. Miaka ya tisini nukta zinasongamana, kila juma, maana mradi ulikuwepo na mafuta ya boti yalikuwepo.

"Hawa mabwana wa Finland na wa Arizona wangebishana muda mfupi tu kama nafasi hizi zingekuwa na nukta," akasema.

Tangu saa ile safari yangu ilibadilika. Nilikwenda nikidhani ushirikiano wa kisayansi ni mikutano, mikataba na vyombo vya gharama. Vinahitajika. Lakini moyo wake ni mtu anayetoka ziwani kila juma, mwaka wa kumi na mwaka wa ishirini, hata kama hakuna mgeni wa kumpiga picha. Plisnier na kundi la watafiti wa Afrika na nje waliandika mwaka 2022 wakiomba jambo hilohilo kwa maziwa yote makuu ya Afrika: vipimo vya muda mrefu, vya aina moja, visivyokatika. Ninawaunga mkono kwa nguvu zangu zote.

Jumatano 14 Agosti. Katonga, upepo

Tulipaswa kutoka na boti ya vipimo alfajiri. Kusi lilikuwa limechafua ziwa, Fundi akaahirisha hadi Jumamosi. Kama unapanga safari ya ziwani mwezi Agosti, weka siku za akiba. Anayelijua ziwa hili habishani nalo.

Tukaenda mwalo wa Katonga. Vichanja vilikuwa vitupu, wavu umefungwa, mitumbwi imepinduliwa inapakwa lami. Wanawake wanaokausha dagaa walikuwa wamekaa kivulini wakisuka ukili. Kwa miezi hiyo mitatu wengine walikwenda kulima muhogo, wengine waliishi kwa mkopo wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, na mmoja alikuwa ameuza cherehani. Hawakulipinga zuio. Kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, aliniambia wataalamu walikuja kueleza kuhusu mazalia, na walielewa. Walichokilalamikia ni kwamba mzigo wa kupumzisha ziwa umewaangukia wao, wakati joto hawakulileta wao.

Mama mmoja alinikabidhi kigoda chake, yeye akakaa chini, akaniambia: "Nimeona wazungu wakipima, nimeona Waburundi, nimeona watoto wetu wa chuo. Tunawakaribisha wote. Lakini majibu tunayasikia redioni, tena nusu. Wakimaliza kuandika, warudi wakae hapa, watusomee."

Ripoti nyingi za ziwa hili zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Kikao cha saa moja kivulini, kwa Kiswahili, kingeweza kuingia kwenye bajeti ya mradi wowote, na naona kingepaswa kuwa lazima.

Chakula cha mchana mwaloni: ugali na maharage, 2,500. Samaki hakukuwa.

Alhamisi 15 Agosti hadi alfajiri ya Ijumaa

Mchana kutwa ni pilika. Betri zinachajiwa, taa zinajaribiwa. Taa za sola na betri zimechukua nafasi ya karabai kwa wengi. Mitumbwi miwili inafungwa pamoja kwa magogo, wavu wa kuinua unatandikwa katikati. Watoto waliimba. Sheikh na mchungaji waliomba dua pale ufukweni, mmoja baada ya mwingine.

Tatizo lilikuwa mwezi. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa gizani, hufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka hutawanyika. Zuio liliisha mwezi ukiwa umeshapita nusu na unaelekea kupevuka, kwa hiyo wazee wengi walisema watasubiri giza la mwisho wa mwezi. Vijana hawakuweza kusubiri. Walikaa macho hadi mwezi ulipozama karibu na saa kumi alfajiri, ndipo wakaondoka, na taa zikaanza kuwaka moja moja mbali ziwani.

Tulilala kwenye mkeka nyumbani kwa yule mama wa kigoda. Saa kumi na mbili asubuhi walirudi. Boti ya kwanza ilileta ndoo chache, ya pili kidogo zaidi, ya tatu haikupata kitu. Hata hivyo vigelegele vilipigwa. Dagaa wale walikuwa wanang'aa na wakubwa kuliko niliowazoea sokoni, na mzee mmoja aliwageuza kiganjani akasema miezi mitatu imesaidia kitu. Fundi alipowaona kwenye picha yangu aliniambia usiku mmoja hautoshi kusema lolote. Watapima urefu wa dagaa mwaloni miezi inayokuja, kisha ndiyo aseme. Nilipenda alivyosema hivyo.

Ijumaa iliyobaki tulilala.

Jumamosi 17 Agosti. Ndani ya boti

Ziwa lilitulia. Tuliondoka saa moja kasoro asubuhi: Fundi, nahodha, sisi wawili, na kijana wa Uvira, Kongo, anayesomea haidrobiolojia, elimu ya viumbe vya majini, aliyekuwa Kigoma kujifunza. Uvira nako kuna kituo cha utafiti wa ziwa. Aliniita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao, nami nikamwita mdogo wangu, na kwa saa kadhaa tukawa ndugu.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Boti inasimama, nahodha anaishika isichukuliwe na upepo. Kwanza sahani nyeupe na nyeusi inashushwa kwa kamba hadi isionekane. Ilipotea baada ya mita kumi na kitu, maji ni maangavu kiasi hicho. Kisha chupa ya kuchotea maji inashushwa wazi hadi kina kinachotakiwa, uzito unaachiwa uteleze kwenye kamba, chupa inajifunga huko chini. Inapandishwa, maji yanapimwa joto na oksijeni, yanaandikwa, inashushwa tena ndani zaidi. Kijana wa Uvira alikuwa anaandika kwa Kifaransa kwenye daftari lake, Fundi kwa Kiingereza kwenye fomu, na wote wawili wakisomeana tarakimu kwa Kiswahili. Chupa ya mita mia moja ilipofunguliwa Fundi alinipa nishike. Ilikuwa baridi kidogo tu kuliko maji ya juu. Ile tofauti ndogo mkononi ndiyo inayoamua dagaa wangapi watazaliwa.

Kaskazini ilionekana milima ya Gombe. Huko, tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960, sokwe wamefuatiliwa bila kukoma, na kwa miaka mingi sasa kazi ya kila siku hufanywa na watafiti wa Kitanzania wa vijiji vya jirani. Dunia inajua mengi kuhusu sokwe kwa sababu hakuna aliyeacha kuandika. Kilomita chache kutoka hapo, ziwa linalolisha mamilioni linastahili uaminifu uleule.

Kijana alisema Umoja wa Ulaya umefadhili mradi wa maji wa nchi tano, zile nne na Rwanda, uitwao LATAWAMA, uliotekelezwa na Enabel, shirika la maendeleo la Ubelgiji, pamoja na Mamlaka ya Ziwa, na kwamba faida kubwa aliyoiona ni maabara za nchi hizo kuanza kupima kwa mtindo mmoja. Zamani tarakimu ya Uvira na ya Kigoma zilikuwa ngumu kulinganishwa. Hofu yake ni ileile ya Fundi: mfadhili akiondoka, nani atanunua kemikali? Nami nasema nchi zetu nne zinunue. Mafuta ya boti moja mara moja kwa juma si gharama ya kuzishinda serikali nne.

Ukipata bahati ya kualikwa: koti la kujiokoa livaliwe tangu ufukweni, kofia, maji ya kunywa, na dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla.

Jumapili 18 Agosti. Kibirizi

Kibirizi ndiko zinakoondokea boti za vijiji vya kaskazini hadi Kagunga, mpakani na Burundi. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii, na pale unaona kwa macho: kuta za vibanda zilizobaki nusu majini, miti iliyokufa imesimama ndani ya ziwa, wafanyabiashara waliohamia juu. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kalemie, Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi kwa miaka maji hayana haraka ya kuondoka. Kijana wa Uvira, aliyetusindikiza, alisimulia mafuriko ya Aprili 2020 yaliyoua watu mjini kwao, na jinsi nyumba ya shangazi yake ilivyoingiwa baadaye na ziwa lenyewe. Jirani na kwao, upande wa Burundi, Gatumba na bandari ya Bujumbura, maji yalileta maafa mwaka huohuo wa 2024. Utafiti wa hali ya hewa kwa watu hawa maana yake ni kujua kama wajenge tena palepale.

Dagaa wakavu wa akiba walikuwepo kidogo, bei karibu mara mbili ya niliyoizoea Kariakoo. Nilinunua kilo moja.

Jumatatu 19 na Jumanne 20 Agosti. Kurudi

Basi, kwa sababu treni haikuwa siku hiyo. Nauli ya watu wawili hadi Dodoma ilikula 120,000. Vipande vya barabara baina ya Uvinza na Malagarasi vilikuwa bado vinatengenezwa, vumbi hadi kwenye meno. Beba kitambaa cha kufunika pua. Usiku tairi lilipasuka mbali na mji wowote. Mwezi ulikuwa mpevu, mafundi walifanya kazi bila tochi. Watu wa nyumba za jirani waliamka, wakachemsha chai ya tangawizi sufuria nzima, wakatugawia abiria kwa vikombe vyao, na mzee wa nyumba akakataa mchango tuliokusanya. Alikubali tu kupokea sukari ambayo abiria mmoja alikuwa nayo.

Kutoka Dodoma ni SGR tena, hakuna la kusimulia.

Kwa atakayekwenda

Epuka kwenda na ratiba ya kubana. Kusi na treni vyote vina saa zao. Ukitaka kuona uvuvi wa taa, angalia kalenda ya mwezi na ufike wakati wa giza. Ukitaka kuonana na watafiti, barua kwanza. Usiku wa mwaloni nenda na mwenyeji.

Safari yangu ijayo, Mungu akipenda, ni Mpulungu mwezi Juni, kusi likiwa limekwisha kuanza, niyaone maji baridi pale yanapopandia. Meli ya Liemba ilikuwa bado haijarudi kubeba abiria nilipoulizia bandarini Kigoma, kwa hiyo natafuta njia ya kupitia Sumbawanga na Kasanga. Aliyeipita karibuni aniambie hali ya barabara, nauli, na utaratibu wa kuvuka kuingia Zambia.